Trip, journey, travel, come, go, walk... nitumie lipi wapi? Naomba msaada wenu

MwanaWete

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie ni kijana wa Wete ila kwa sasa nipo mjini Unguja najifunza kazi ya kutembeza wageni, na wiki ijayo nimeitwa intavyuu hoteli moja huko shamba upande wa mashariki. Kiingereza cha skuli ninacho, kusoma nasoma, kuandika naandika, shida yangu ipo kwenye haya maneno ya mwendo, yaani kwetu neno moja linatosha, kwao yapo chungu nzima na kila moja lina pahala pake. Nikifungua kamusi kwenye simu naambiwa safari ni journey, trip, travel, voyage, tour, halafu basi, hainambii lipi la kwenda Changuu asubuhi ukarudi mchana na lipi la mtu aliyetoka Ulaya usiku kucha yumo kwenye ndege. Kutembea ndo usiseme, walk, stroll, wander, hike, stride. Na kuja na kwenda nako vile vile, nawasikia wageni wanasema come mahala ambapo mie ningesema go bila kufikiri.

Nataka nielewe khasa, si kukariri kwa ajili ya intavyuu tu, maana hii kazi nataka kuifanya miaka mingi inshaallah. Wenye ujuzi nisaidieni na mifano iwe ya huku huku kwetu.

Maalim_Kijangwani

Waalaykum salaam kijana wangu. Umeuliza jambo zuri na ntakujibu kwa urefu, kwasababu haya maneno watu wanafundishwa moja moja kama orodha ya vitu vya dukani, hawaambiwi kinachoyafunga pamoja ni nini.

Sisi kitenzi chetu kinabeba njia. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi, zunguka, yote hayo yanakwambia mtu kaelekea wapi, hayakwambii kaendaje. Namna ya kwenda tunaitia baadae, akichechemea, mbio, kwa magoti, pole pole. Mwingereza kapanga kinyume chake, kitenzi chake kinabeba namna halafu njia anaiweka kwenye kineno kidogo kinachofuata, into, out of, across, up, down, round. Sisi tunasema mzee aliingia msikitini akichechemea, yeye anasema the old man limped into the mosque. Umeona kuingia kumekwenda wapi? Kumebakia kwenye into tu, na kuchechemea ndo kumekuwa kitenzi. Kasa alitoka majini akitambaa, the turtle crawled out of the water. Mtoto alivuka barabara mbio, the child ran across the road. Ukishaliona hili mara moja utaliona kila ukurasa unaousoma.

Yupo mtaalam wa lugha wa Marekani, Leonard Talmy, aliliandikia jambo hili mwaka 1985, akazitazama lugha kwa kuuliza njia inakaa wapi, ndani ya kitenzi au pembeni yake. Kiingereza na Kijerumani zikawa upande mmoja, Kihispania na Kifaransa upande wa pili, na ukikipima Kiswahili chetu kwa kipimo hicho kinakaa zaidi na Kihispania. Kwahiyo mtu wa Wete na mtu wa Madrid wanapata tabu ile ile wakijifunza Kiingereza, usidhani ni wewe peke yako.

Sisemi kwamba hatuna maneno ya namna, tunayo tele na mazuri, nyata, tambaa, chechemea, pepesuka, randa, zurura, yoyoma. Lakini ukisema alichechemea msikitini mtu anafahamu kwamba yumo ndani na anachechemea humo humo, hafahamu kwamba anaingia. Limped into hatuitii kwa neno moja, lazima turudi kwenye ingia. Pale tunapoweza ni kwa kile kiungo cha kutendea, kimbilia, rukia, alirukia majini, na hapo tunakaribiana nao sana.

Basi ukitaka kuchagua neno la Kiingereza, swali la mwanzo si anakwenda wapi, ni anakwendaje. Walk ni kutembea kwa miguu tu bila ya zaidi. Stroll ni pole pole kwa kujiburudisha, kama watu wanavopita Forodhani jioni. Wander ni kwenda bila ya njia maalum, na hilo ndo khasa wageni wanafanya kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, we wandered around Stone Town, maana hakuna anaejua atatokea wapi. Hike ni mwendo mrefu wa porini au milimani, usilitumie kwa Mkunazini mpaka Malindi, mitaa ya hapa hapa mjini. Stride ni hatua ndefu za mtu anaejiamini. Stagger ni kupepesuka, kwa ulevi au kwa kuchoka au kwa mzigo mzito. Creep ni kunyata, sneak pia ni kunyata ila lina harufu ya kujificha, ukimwambia mgeni let's sneak into the palace atadhani mnaingia bila ya tiketi.

Na sasa lile kubwa ambalo litakusaidia kazini. Kutembea kwetu kuna maana mbili. Ipo ya miguu na ipo ile ya nimekuja kutembea tu, nakwenda kutembea Dar kwa dada yangu. Hiyo ya pili SIO walk. Ni visit. Na kutembeza wageni usiseme I walk tourists, kwasababu walk ikipata mtendwa basi ni mbwa, walk the dog, au ni kumsindikiza mtu, walk you home. Wewe kazi yako ni I show visitors around, au I take visitors around. Kwenye intavyuu hili swali la unafanya kazi gani ndo la mwanzo kabisa.

Jengine la haraka, enter, return, descend, yametoka kwenye Kifaransa, Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na hayo maneno yakabakia na ukubwa wake mpaka leo. Ndo maana yamebeba njia kama yetu na ndo maana sisi tunayapenda. Lakini mtu wa kawaida hasemi let us descend, anasema let's go down. Na ukitumia enter usiongeze into, enter the house basi. Return usiongeze back.

BintiMkunazini

Maalim Mungu akupe umri, hilo la ingia na into nimefundishwa miaka na sijapata kulisikia hivo. Mie nipo mapokezi kwenye hoteli so naongeza ya mapokezi tu mdogo wangu.

SAFARI. Travel kama jina haihesabiki, usiseme a travel wala how was your travel, ni kitendo kizima cha kusafiri, I like travel. Journey ni ile njia yenyewe kutoka hapa mpaka pale, kwahiyo mtu akifika kachoka na mabegi yake muulize how was your journey, au how was your flight, au how was the crossing kama katoka Dar na boti. Trip ni kwenda na kurudi na una jambo lako ulilolifuata, boat trip, business trip, day trip ya Jozani. Kwahiyo Changuu ni trip. Tour ni kuzungushwa na kuonyeshwa, spice tour, city tour, lazima pawe na vituo. Voyage ni refu la baharini, mtu wa boti ya Dar akikwambia voyage kazidisha, la majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi kutoka Arabuni hapo sawa. Na safari yenyewe ukiitia kwenye Kiingereza wao wamelichukua neno letu wakalifinya, kwao safari ni kwenda kuangalia simba na tembo, ukiandika kwenye kibao Pemba safari mgeni anakuja na kamera ya wanyama, mueleze mapema kabisa kwamba ni bahari, mikarafuu na msitu wa Ngezi.

Kufika: arrive IN Zanzibar, arrive AT the hotel, arrive TO hakuna. Reach inataka kitu mbele yake, we reached Mkoani at noon. Kwenye maongezi sema get to, what time did you get to Paje, ndo lao la kila siku.

Kupanda na kushuka. Sisi tunapanda kila kitu. Wao chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, basi kubwa, meli, ndege, ni get on na get off. Teksi na gari ndogo ni get in na get out. Baiskeli, vespa, farasi ni get on kwasababu unakalia juu, na kuviendesha ni ride, drive ni ya gari. Ngalawa unaingia, get in.

Chengine naomba ulishike sana, kumsindikiza mgeni usiseme I will escort you. Escort ni la polisi na walinzi, na lina maana nyengine ya biashara ambayo hutaki mgeni wa kike aifikirie. Sema I'll walk you to the gate, au I'll come with you. Kumfuata mgeni uwanja wa ndege ni pick up, I'll pick you up at the airport. Kumpeleka na kumuacha ni drop you off, usiile hiyo off.

Nahodha_Nungwi

Hapa mmesahau bahari na kijana kasema anataka kazi ya wageni, bahari ndo kazi.

Kuzama. Kijana tega sikio. Kwa Kiswahili jiwe linazama, chombo kinazama, mtu anazama akafa, mpiga mbizi anazama akaibuka na pweza wake, na jua nalo linazama. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mbali mbali na ukiyachanganya unatisha watu. Sink ni la kitu na la chombo, the boat sank. Drown ni la kiumbe chenye roho na maana yake KAFA, kavuta maji akafa, huwezi kudrown halafu ukaja kula chakula cha mchana, kama kaokoka ni nearly drowned. Dive ni kuzama kwa makusudi. Set ni la jua. Nilikuwepo siku moja kwenye miamba ya Mnemba boti imetia nanga, mgeni mama mtu mzima yupo kwenye ngazi ya nyuma miguu ishafika majini, kijana yupo chini yake anamtuliza, anamwambia don't worry mama, slowly slowly, we drown together. Yule mama alikumbatia ngazi kwa mikono miwili, mask imeshamuelemea shingoni, na hakushuka tena siku hiyo. Kijana nia yake safi kabisa na kuogelea anajua kuliko sisi sote, ni neno tu. We go down together, basi, mama angeshuka akaona samaki.

Kuelea pia. Float ni kukaa juu ya maji usizame. Drift ni kuchukuliwa na mkondo. Huko kwenu Pemba pale Misali na kwengine mkondo una nguvu na wazamiaji wanakwenda nao makusudi wanaita drift dive, wanaachia maji yawachukue na boti inafuata mapovu yao kwa juu. Ukiona mgeni anasogea mbali na kundi mwambie you're drifting, atafahamu mara moja, ukimwambia you are floating atakushukuru na atazidi kwenda.

Maji yakiwa yamekupwa na boti haiwezi kufika ufukweni tunakwenda kwa miguu ndani ya maji mpaka mapajani, hiyo kwao ina neno lake, wade, we have to wade to the boat. Uwaambie kabla hawajavaa viatu vya ngozi. Na maji kujaa ni the tide comes in, kupwa ni the tide goes out, mwenye kusema anahesabika yupo nchi kavu.

Makasia ni row, kafi ni paddle. Kubisha, kule kwenda huku na huku tukikabili upepo, ni tack. Meli ikenda mrama kulia kushoto ni roll, omo ikipanda na kushuka ni pitch, na mgeni akiuliza mapema will it be rough mwambie ukweli. Sail ni la tanga lakini wanalitumia mpaka kwa boti ya mashine, the ferry sails at seven.

Mpita_Darajani

Nimesoma yote na nimefaidika lakini nina jambo. Hii have you reached, I'm coming, let me escort you, sote tunaelewana kuanzia hapa mpaka Nairobi mpaka Kampala, hiki ni Kiingereza chetu nacho, kwanini tujione tumekosea kila siku? Wamarekani nao wamebadilisha yao, wao wanasema give me a ride na Waingereza give me a lift na hakuna anaemsahihisha mwenzake.

Maalim_Kijangwani

Darajani upo sawa, na mie siwaiti watu wajinga kwa have you reached. Baina yetu lugha ni kuelewana na tunaelewana. Ila kijana anazungumza na watu waliotoka Italia, Poland, Ujerumani, nao wamejifunza Kiingereza cha vitabuni, hawajakaa Kampala hata siku moja. Akisema drown wao wanalisikia la kitabuni. Kwahiyo ayajue yote mawili na ajue yupo na nani.

MwanaWete

Wallahi sijui niwashukuru vipi, maalim, bibie, nahodha, Mungu awalipe. Nimeshaandika kwenye daftari. Darajani umeitaja I'm coming na hapo ndo nilipokwama mwanzo. Mimi nikiwa na wageni nikataka kwenda kununua maji dukani nawaambia I'm coming, wanatazamana. Na jengine, mgeni aliniuliza are you coming to Jozani with us tomorrow, kwanini si going? Jozani si tunakwenda?

BintiMkunazini

Hilo la mwanzo ni ile naja yetu mdogo wangu. Sisi mtu anaondoka huku anasema naja, maana yake nakwenda ila ntarudi sasa hivi usiondoke. Kwao coming ni kusogea, sasa wanakuona unawapa mgongo na unasema unasogea kwao, hawaelewi. Sema I'll be right back. I'm coming liweke kwa mtu anaekuita nawe unamwendea, akipiga simu yupo lobi anakungoja, yes I'm coming, hapo ndo pake.

La pili. Come ni kuelekea alipo anaesema AU alipo anaeambiwa, na wakiongeza jambo moja ambalo sisi hatuna sana, ni kufuatana. Mgeni yeye anakwenda Jozani, anakuuliza wewe utafuatana nae, hapo kwao ni come with us japo Jozani hakuna mtu bado. Sisi tunasema utakwenda na sisi, wao utakuja na sisi. Kama yeye hendi, anakuuliza tu ratiba yako, atasema are you going to Jozani tomorrow. Ukisikia come elewa unaalikwa, au yeye mwenyewe yumo.

Bring na take zinafuata mle mle. Wewe unaekwenda nao kesho utawaambia bring water and a hat, kwasababu mtakuwa pamoja huko. Mie ninaebakia mapokezi nawaambia take water and a hat. Maji ni yale yale, kofia ile ile, mie nasema take wewe bring. Na fetch ni kwenda na kurudi nacho, unaondoka, unachukua, unaleta, I'll fetch your towel.

MwanaWete

SubhanaAllah, bring na take ndo nimezielewa leo. La mwisho nisiwachoshe, kuteleza. Slip au slide? Pale kwenye ngazi za gati maji yakishuka pana mwani wa kijani, kila siku nahitaji kuwaonya watu.

Nahodha_Nungwi

Slip. Slip ni la bahati mbaya na la ghafla, mguu umekutoka. Slide ni kuteleza moja kwa moja kwenye kitu laini na mara nyingi kwa kupenda, watoto wanapotelezea mchanga wa tuta kwenda chini ni slide. Kwenye ngazi sema careful, it's slippery, hold the rope. Usingoje mpaka wamefika kwenye mwani, sema wakiwa bado juu, na wewe utangulie chini umpe mkono wa kulia mmoja mmoja, mwenye mtoto aanze.